Kutoka Jicho Hadi Jicho

Nilifika Kibuye saa mbili, nimekumbatia kitabu cha gari
kama mzazi aliyebeba cheti cha mtoto mbele ya karani.
Pijo, nikasema. Pikapu. Ya themanini na moja.
Nataka springi za nyuma, kulia na kushoto.

Khasandi hakunyoosha hata mkono.
Nyuma yake springi zimeegemea ukuta wa mabati,
nyingine zimekunja mgongo kama paka aliyeona mbwa,
nyingine zimechoka, zimenyooka kama rula.
"Mwaka ni wa karatasi," akasema. "Umepima?"

Sikuwa nimepima.
Nilijua tu kwamba gari linainamia kulia,
kwamba kutoka Ombeyi hadi lami ya Ahero
mchele wote hulalia upande wa dereva,
na kila shimo hunitoza kodi mgongoni.

Basi akaniazima utepe, na kijana wake Olweny,
ambaye suruali yake haikumbuki tena rangi ya dukani.
Akalala chali chini ya gari, miguu nje barabarani,
akawa ananiitia namba, nami naziandika kiganjani.

Upana, sentimita sita.
Jicho la mbele hadi jicho la nyuma, mia na ishirini na nne.
"Sasa hapa usikie vizuri, mama.
Boliti ya katikati haiko katikati."
Nikamwambia arudie.
"Hamsini na nane mbele, sitini na sita nyuma.
Ukinunua iliyogawanywa sawa, ekseli itarudi nyuma vidole viwili,
tairi litakula bodi, na Khasandi utamlaani bure."

Miaka arobaini na tatu nimeishi
nikidhani katikati ni katikati.

Unene wa jani. Tundu la bushi.
Shakeli, inaning'inia ama imesimama.
Kisha majani yenyewe. "Kushoto sita," akaita.
Kimya. Nikasikia brashi ya waya ikikwangua kutu.
"Kulia saba."

La saba halikuwa la ukoo ule.
Fupi, nene, limekatwa kwa moto, ncha hazijachongwa,
chuma cha lori fulani lililokufa zamani,
limebanwa pale chini
kama mgeni wa siku ya tatu ambaye hakuna aliyempa jembe.

Baba.
Baba aliyemwapia mama kwamba gari hili
halijawahi kubeba jiwe, ila lile la kuzuia tairi.
Na ile nyumba ya Nyamasaria,
tuliyoijulia siku ya matanga,
kuta za mawe hadi kwenye linta,
yule mwanamke mkimya na watoto wenye paji letu la uso,
iliinuliwa na nini? Na upepo?

"Na wewe," Khasandi akauliza, "hubeba nini?"
Magunia kumi.
Kutoka chini ya gari ikaja sauti:
"Mpira wa kugongea umekuwa chapati!"
Wakacheka, hata muuza viatu wa jirani.
Kumi na sita, nikasema.
Siku ya soko, kumi na nane.

Akaziruka zile mpya zinazong'aa,
akazipita mbili zilizofanana kabisa na za kwangu,
akavuta jozi nyeusi, nzito, kutoka kona ya mwisho.
Olweny akaipima. Hamsini na nane. Sitini na sita.
"Saba kulia, saba kushoto," Khasandi akasema.
"Kama ni uongo, basi uwe pande zote mbili."
Bei tulizozana hadi adhuhuri. Sitaitaja.

Jani la baba nimelitia chini ya kiti.
Njia nzima likawa linagonga, linanyamaza, linagonga.
Gari limesimama wima kama siku lilipotoka dukani,
nami nyuma ya usukani,
karibu na daraja la Ahero,
nikagundua bado nimeinamia kulia.